Mizani na Skonzi ya Kiranja

Mpwa wangu anaitwa Mizani. Jina la kwenye cheti analo, zuri tu, alilochaguliwa na bibi yake, lakini hili la pili nilimpa mimi na ndilo lililoshika. Majina ninayotoa mimi hushika. Kaka yake nilimwita Tumbo, na leo hata mama yao akimwita kwa lile la cheti, mtoto hageuki. Ukikutana mtaani kwetu na mtu ambaye jina limemkaa sawasawa kama kofia yake mwenyewe, jua mjomba alishapita hapo.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Shule niliiacha mapema, au tuseme tulichokana, lakini gurudumu lililopinda likiletwa kwangu hunyooka kwa aibu kabla sijaligusa. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa nyumba ya mdogo wangu, mama yake Mizani, ambaye ni mwokaji wa mikate. Yeye yuko chumba cha nyuma na tanuri lake, mimi niko mbele na spoku zangu, na katikati yetu kuna dirisha dogo. Lilitobolewa ili moshi utoke. Kazi yake kubwa siku hizi ni kunipitishia skonzi za moto.

Baba yao watoto ni dereva wa lori. Nyumbani huja kama mgeni, na kama mgeni hupendwa sana siku mbili za kwanza. Kwa hiyo katika habari hii yuko njiani, na sisi tuendelee.

Mizani alizaliwa kimya. Watoto wengine wakifikisha umri wa kunyoosha mikono wabebwe, yeye alinyoosha shingo kutazama mizani ya mama yake, ile ya zamani yenye sahani mbili na mawe yake ya chuma. Ukimwita hageuki. Ukimchekesha anakutazama sikio. Na mimi, msomaji wangu, nimechekesha mpaka watu wenye msiba, lakini yule mtoto alinishinda. Alikuwa anapanga makopo ya hamira sakafuni kwa mstari, kopo likisogezwa hata kidogo analia mpaka lirudi. Amefika miaka mitatu hajasema neno.

Mtaani maneno yakawa mengi kwa niaba yake. Wako waliosema ni kiziwi. Wako waliosema amedekezwa. Mama mmoja mwenye maneno mengi kuliko meno akasema ni kiburi. Sijui kiburi cha mtoto wa miaka mitatu huuzwa duka gani.

Mdogo wangu alimpeleka hospitali, na daktari baada ya kumchunguza siku kadhaa akasema mtoto ana usonji.

"Utaisha lini?" mdogo wangu akauliza.

"Hauishi, Mama," daktari akasema kwa upole. "Huu si mafua. Ndivyo alivyo. Tutamsaidia aizoee dunia, na dunia nayo itabidi imzoee."

Mdogo wangu akarudi nyumbani, akavaa aproni, akakanda unga. Hakusema kitu mpaka jioni. Mimi ndiye niliyesema, nilisema sana, sikumbuki nini.

Neno la kwanza la Mizani lilitokea kwenye meza ya unga. Ujue kazi ya mwokaji: unga ukishaumuka, anaukata madonge, na kila donge linapita kwenye mizani ili skonzi zote ziwe na uzito mmoja. Lakini mwokaji aliyezoea hukata kwa mkono tu, anapima moja moja za mwanzo, zilizobaki anaziamini. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa amepanga madonge yake kwenye trei. Mizani akasogea, akanyoosha kidole kwenye donge moja la katikati, akasema:

"Zidi."

Mdogo wangu akaganda. Akalichukua lile donge, akalitia kwenye sahani ya mizani, na sahani ikashuka. Limezidi kweli. Kwa jicho huwezi kuona, mimi mwenyewe niliangalia, na jicho langu ni la fundi. Akapunguza kipande kidogo cha unga, donge likakaa sawa, akamtazama binti yake, kisha akainama akalia palepale, machozi yakidondoka kwenye unga. Skonzi za siku ile hazikuhitaji chumvi.

Kuanzia hapo maneno yakaja, machache, kila moja limepimwa. Na hapo ndipo nikampa jina.

Sasa nikueleze jambo lenyewe linalonifanya niandike. Watu husema watoto wa namna yake hawajui kugawana. Nilisikia hivyo kwa jirani, nikasikia tena kwa mwenye duka, na mimi nikisikia kitu mara mbili hupenda kukijaribu. Nikachukua sahani, nikaweka skonzi za kututosha watu wote wa nyumbani, moja moja. Nikaanza na Tumbo. Nilipokuwa nimesimama pale, Tumbo alikuwa malaika: "Karibu, Mjomba, chukua wewe kwanza," tena kwa mikono miwili. Nikajifanya nimetoka, nikachungulia kwenye dirisha la moshi. Malaika akabaki na mabawa tu, skonzi hazikuonekana tena.

Nikajaza sahani upya, nikamwita Mizani. Nikiwa nimesimama, akachukua moja, akala. Nikatoka, nikachungulia. Alikuwa ameketi vilevile, mikono mapajani, anazitazama zilizobaki kama askari wa benki. Hakugusa. Hakujua kama ninamwona, na hata angejua, lingekuwa lilelile. Mbele yangu au nyuma yangu, kwake hesabu ni ileile. Wangapi unawajua wa namna hiyo? Mimi sijihesabu.

Nikaingia nikachukua mbili.

"Zidi," akasema.

"Mimi ni mtu mzima."

"Zidi."

"Mimi ni mjomba wako, ebo!"

"Mjomba ni mmoja," akasema. "Skonzi ni moja."

Nikarudisha. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika meza.

Lakini haikuwa kichekesho kila siku, nisikudanganye. Mwokaji ana wateja wake, na mteja wa siku zote hupewa nyongeza, kiskonzi kidogo juu ya alivyonunua, ndivyo biashara inavyosalimiana. Mizani hakuweza kuvumilia nyongeza. Kulikuwa na bibi mmoja mnene mwenye mkongojo, mteja wa tangu tanuri lilipojengwa. Kila akipewa nyongeza yake Mizani aliziba masikio, akayumba mbele na nyuma, akapiga kelele "Zidi! Zidi!" mpaka bibi wa watu anakirudisha kiskonzi juu ya meza. Ukimpa Mizani zawadi hasemi asante; anageuka kuangalia kama wenzake wamepata. Anayeumwa, mgeni, mkubwa, mdogo, wote kwake ni moja moja. Mdogo wangu alijaribu kumweleza heshima, akajaribu kumweleza huruma. Maneno yakaingia yakatoka, kama maji kwenye chekecheo.

Mchana tanuri likipoa, Mizani alikuja kukaa kwangu. Hapo tulielewana. Nilikuwa nafunga gurudumu kwenye uma wa baiskeli, nalizungusha, nakaza spoku kidogo kidogo. Yeye alipenda kuzigonga kwa kidole zilie. Spoku iliyokazwa inalia juu, iliyolegea inalia chini. Masikio yake ni makali kuliko yangu, na nimekwambia mimi ni nani. Siku moja akazigonga zote za gurudumu la nyuma, upande huu, upande ule, akaanza kuyumba.

"Zidi. Huku zidi."

"Siyo zidi," nikamwambia. "Huo ni upande wa mnyororo. Unabeba."

Akagusa mnyororo uliokuwa sakafuni. Akagonga tena upande huu, na ule.

"Unabeba," akasema.

"Ndiyo. Ukizikaza sawa zote, gurudumu linakwenda upande. Upande unaobeba unakazwa zaidi, ndipo linanyooka."

Hakuliulizia tena gurudumu la nyuma. Mimi nami sikulifikiria. Nilikuwa na viraka vya kubandika.

Mambo ya shule ndiyo yaliyomnyima mdogo wangu raha. Shule mbili zilimkataa mtoto kwa maneno matamu, ile lugha ya "tutawapigia". Ya tatu, anayosoma Tumbo, ikamkubali katikati ya mwaka, kwa majaribio. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, alisema waziwazi: tutamwangalia mpaka muhula uishe, akikaa na wenzake vizuri atabaki. Mdogo wangu hakuwa anataka makubwa. Hakuwa anataka mtoto awe wa kwanza darasani. Alitaka aende asubuhi kama watoto wengine, arudi na soksi chafu.

Na akawa anarudi na soksi chafu. Mdogo wangu alikuwa anazifua kwa wimbo.

Mpaka alasiri moja Mizani aliporudi ameshika skonzi kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyeokota kifaranga. Hakunisalimu, hiyo kawaida. Akapita moja kwa moja hadi chumba cha tanuri. Nyuma yake Tumbo, anahema, akamkuta mama yao kibandani kwangu, amekuja kupokea magunia ya unga.

"Mama! Mizani amempokonya Kiranja skonzi!"

"Amefanya nini?"

"Amempokonya! Mbele ya darasa zima, wameniambia wenzake. Saa ya chai, wanagawiwa skonzi, yeye akainuka akaenda akachukua ya Kiranja. Mwalimu wa darasa akataka kumnyang'anya, akaingia chini ya dawati akapiga kelele mpaka darasa la pili wakasimamisha hesabu. Mwalimu amesema Mama uende kesho kwa Mwalimu Mkuu."

Mdogo wangu akakaa juu ya gunia la unga. Alikaa vibaya, upande upande, wala hakujirekebisha.

"Basi, Kaka," akaniambia. "Walikuwa wanatafuta sababu. Wameshaipata."

"Nani kasema? Nitakwenda mimi nizungumze nao."

"Ndiyo maana nalia."

Nikataka kumjibu, lakini jicho langu likapita kwenye dirisha la moshi. Mizani alikuwa amewasha taa ya meza, ameshusha mizani, ameshika kisu cha kukatia unga. Anaikata ile skonzi. Anakata kipande, anakiweka kwenye sahani, anapunguza, anaongeza, anakitoa anakiweka mezani. Kisha kingine. Vilikuwa vidogo, vingine kama kucha. Kila akiweka kimoja anataja jina.

"Njoo uone," nikamnong'oneza mdogo wangu.

Tukasimama tukabanana dirishani, vichwa vitatu, Tumbo chini ya kwapa langu. Mizani alitaja darasa zima. Wote. Mtoto mwenye kikohozi, mtoto wa dawati la mlangoni, pacha wote wawili. Akamtaja Kiranja, akamkatia chake. Akamtaja mwalimu wa darasa. Mwisho akasema, "Mimi," akajiwekea kipande kisichozidi cha mtu.

Mdogo wangu akaingia taratibu, akachutama karibu ya meza.

"Mizani. Hii skonzi ni ya nani?"

"Zidi."

"Imezidi wapi?"

"Kiranja mbili. Wengine moja." Alikuwa anapanga vipande kwa mstari, hatazami mtu. "Zidi ya wote. Mezani hakuna mizani. Shule hakuna mizani."

Mimi ndiye niliyeelewa wa kwanza, na mdogo wangu akisema ni yeye, ana mazoea hayo. Mtoto hakuiba. Aliona moja imezidi, akaichukua igawiwe wote, na shuleni hakukuwa na cha kupimia. Akailinda mpaka nyumbani.

Mdogo wangu alichukua karatasi nyembamba za kufungia keki, wakakaa wawili wale wanafunga kipande kimoja kimoja, kila karatasi imesokotwa ncha. Wakazitia zote kwenye boksi la keki. Mdogo wangu alikuwa amekaza uso sasa.

"Kumbe kiranja wao anapendelewa," akasema. "Anapewa mbili mbele ya watoto wengine, na wangu anaitwa mwizi."

Asubuhi nilivaa koti langu la harusi. Bado linanikaa, usiwasikilize watu.

"Kaka," mdogo wangu akasema njiani, "ukifika pale usiseme kitu."

"Hata kidogo?"

"Salamu tu."

"Salamu ndefu au fupi?"

"Kaka!"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya dhuluma, yenye mwanzo, katikati na kidole kilichoinuliwa. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na meza kubwa, kabati la vikombe vya michezo, na baiskeli ya mtu imeegemezwa nyuma ya mlango. Gurudumu lake la mbele limepinda, niliona, nikanyamaza. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa shati, na uso wa mtu ambaye hakulala. Mizani alisimama karibu ya dirisha, anafuata kwa macho pangaboi linalozunguka.

"Mama, karibu. Mzee, karibu," akasema Mwalimu Mkuu. "Hatujasema ni mtoto mbaya. Lakini kupokonya chakula, na zile kelele... Nina wazazi wengine wa kuwajibu. Tulikubaliana, lazima akae na wenzake."

Mdogo wangu hakubishana. Akaliweka boksi mezani, akalifungua, akaeleza yale tuliyoyaona dirishani. Mwalimu Mkuu akafungua karatasi moja, akakitazama kile kipande juu ya kiganja, akakifunga tena vilevile.

"Hiki ni chako," mdogo wangu akamwambia mwalimu wa darasa. "Amekukatia na wewe. Ninachouliza ni kimoja, Mwalimu. Kwa nini kiranja apewe mbili?"

"Kwa sababu ya ndoo," kijana akasema.

"Ndoo gani?"

"Ndoo ya maji ya kunawa. Kila siku kabla ya chai kiranja anakwenda bombani, kule nyuma ya uwanja, analeta ndoo. Ni mbali, na ni nzito. Mwanzoni mwa mwaka hakuna aliyetaka, tukakubaliana darasani: atakayebeba atapata ya pili. Darasa zima linajua."

Nikasikia hotuba yangu inajikunja yenyewe mfukoni.

"Samahani, Mwalimu," mdogo wangu akasema. "Mimi nilishakuhukumu usiku kucha. Nilisema unapendelea."

"Hapana, Mama, hata mimi..." Kijana akajikuna kichwa, chaki ikahamia kwenye nywele. "Yeye alikuja katikati ya mwaka. Wenzake walipokubaliana hakuwepo. Sikumwambia. Nilidhani ameona."

"Ameona ndoo," mdogo wangu akasema. "Hakuambiwa inahusiana na skonzi."

"Basi tumwambie sasa," Mwalimu Mkuu akasema, akavua miwani ikaning'inia. "Nataka nione kama akiambiwa anaelewa. Mama, niwe mkweli, hapo ndipo penyewe. Nikijua anaelewa, tunaweza kuishi naye. Asipoelewa, kesho atachukua ya mwingine." Akainama. "Mwanangu, Kiranja anastahili skonzi ya pili. Ni tuzo kwa juhudi zake. Sawa?"

"Zidi," akasema Mizani.

"Siyo kuzidi. Ni haki yake, kwa sababu anajitolea kwa ajili ya wenzake."

"Zidi." Mikono ikaanza kupanda masikioni. Akaanza kuyumba.

Mwalimu Mkuu akajaribu tena, kwa maneno marefu zaidi. Alikuwa na nia njema, lakini kila neno lilikuwa linaongeza mwendo wa kuyumba. Mdogo wangu alishika ukingo wa meza. Nikaona kucha zake zinageuka nyeupe. Muhula mzima, soksi zote, vilikuwa pale juu ya meza ya mtu.

Niliambiwa salamu tu. Lakini mimi ni mjomba.

"Mizani," nikasema. "Gurudumu la nyuma."

Akaacha kuyumba.

"Upande wa mnyororo," nikasema. "Spoku zake zinakuwaje?"

"Zimekazwa," akasema. Mikono ilikuwa bado masikioni, lakini kwa juu juu.

"Zaidi ya upande mwingine?"

"Zaidi."

"Ni zidi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Unabeba."

"Kiranja anabeba ndoo."

Mwalimu Mkuu alikuwa ananitazama mimi kama mtu aliyefungua boksi la sabuni akakuta bata. Mizani akateremsha mikono. Akageuka, hakumtazama mtu, akatazama kifungo cha shati la mwalimu wa darasa.

"Ndoo imejaa?" akauliza.

"Imejaa," kijana akasema haraka. "Mpaka juu. Humwagikia hata viatu."

Mizani akafikiri. Sijui ilichukua muda gani.

"Siyo zidi," akasema. Kisha akalitazama boksi, na hapo uso wake ukabadilika. "Skonzi ya Kiranja nimeikata."

"Haidhuru, mwanangu," akasema Mwalimu Mkuu.

"Nimeikata," Mizani akasema tena. Alikuwa anazitazama zile karatasi kana kwamba zitarudiana.

Saa ya chai tuliruhusiwa kusimama barazani, tukaangalia kwa dirisha la darasa. Mwalimu wa darasa kwanza aliwasimamisha watoto, akarudia sheria ya ndoo kwa sauti, polepole, kama siku ya kwanza. Kiranja akaingia na ndoo. Alikuwa msichana mkubwa wa mifupa, soksi moja imelowa. Mizani akainuka, akaenda, akachungulia ndani ya ndoo, akarudi kukaa. Watoto wakacheka kidogo, mwalimu akawaacha.

Skonzi zikagawiwa. Mizani akapata yake moja. Hakuionja. Akaibeba mpaka kwa Kiranja, akaiweka mbele yake, juu ya zile mbili.

"Ya jana," akasema.

Akarudi, akachukua boksi. Sasa fikiri, msomaji: ameshalipa skonzi nzima kwa skonzi iliyokatwa, kwa hiyo vipande vile ni vyake, vyote, angeweza kuvila. Hiyo ndiyo hesabu yake mwenyewe. Lakini vilishatajwa majina. Akapita dawati kwa dawati akampa kila mtu karatasi yake. Watoto wakafungua, wakatazamana. Pacha wakalinganisha. Mwenye kikohozi akakila chake, akakohoa, akauliza kama kuna kingine. Mwalimu akakila chake amesimama, taratibu, kana kwamba ni keki nzima.

Kiranja alikuwa anazitazama skonzi zake tatu. Akachukua ile ya Mizani, akaikata kwa mkono, na mkono hauna mizani, upande mmoja ukatoka mkubwa. Akaenda akampa Mizani ule mkubwa.

"Chukua. Hujala kitu."

Mizani akakitazama kipande. Akatazama kilichobaki kwa mwenzake. Mdogo wangu akanishika mkono wa koti, na kusema kweli lilichanika kidogo kwenye mshono. Mizani akakirudisha kikubwa, akachukua kidogo.

"Ndoo umebeba wewe," akasema, akaanza kula.

Kiranja alibaki amesimama na skonzi mbili na nusu kubwa, hajui acheke au afanye nini. Mwishowe akavuta kiti akakaa hapohapo karibu yake, wakala.

Tulipokuwa tunaondoka, Mwalimu Mkuu alitufuata mpaka langoni. "Mama," akasema, "muhula ukiisha usihangaike kutafuta shule. Ila mtusaidie. Kitu ambacho wengine wanakijua bila kuambiwa, yeye tumwambie. Na wewe, Mzee, hilo gurudumu la mbele la ile baiskeli ofisini..."

"Nililiona," nikasema. "Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze."

Basi mdogo wangu anafua soksi kwa wimbo tena. Na pale kwenye meza ya mikate, Mizani sasa ana swali kabla ya kupiga kelele. Yule bibi mwenye mkongojo alipopewa nyongeza, Mizani akamuuliza, "Umebeba nini?" Bibi akafikiri, akasema, "Nimebeba magoti haya mabovu kutoka nyumbani mpaka hapa, mjukuu wangu." Mizani akayatazama magoti muda mrefu, mpaka bibi akaanza kuyaonea fahari. Nyongeza ikapita.

Aliyeumia ni mimi. Tangu tanuri lilipojengwa, kile kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda pande zote, ni changu. Sikuomba, ni cheo. Juzi nikanyoosha mkono dirishani kama kawaida, nikakutana na uso wa mpwa wangu.

"Mjomba. Umebeba nini?"

Tumbo alicheka mpaka akajikwaa kwenye makopo. Nikaenda barabarani kwenye mkokoteni wa unga, nikaangalia magunia yote, nikachagua moja lililokuwa nusu, maana nami nina mgongo. Nikalileta ndani huku nikiguna sana, nikasikika mpaka kwa jirani. Mizani akanifuata nyuma. Nilipolitua akalifungua mdomo, akachungulia ndani. Kisha akachukua kisu cha kukatia unga, akakipasua kile kipande katikati, akanipa nusu.